Gari ya Mzee Tavel

Papa,

Nimekaa, nimesimama, nimekaa tena. Ungekuwa hapa ungeniuliza kama kiti kina siafu. Chai imepoa mbele yangu na sikumbuki kama nimeitia sukari.

Jana nimerudi Butembo kutoka kwenye arobaini yako kule Beni. Nataka kukueleza yaliyotokea, na nataka kwenda moja kwa moja, maana wewe hukumpenda msimuliaji anayerukaruka. Nivumilie. Nitarukaruka.

Kitabu kwanza. Cha sita, cha mwisho wa hadithi yetu. Kilifika kutoka Kampala wiki ile ulipokwenda Kamango kupakia kakao. Nilikupigia simu nikakuambia ninacho mkononi, na ndege wetu wa mabawa matatu yuko palepale kwenye jalada, safari hii mwekundu. Ulicheka mpaka ukakohoa. Ukasema: "Hapana fungua bila mimi, Kahindo. Uningojee." Nikasema sawa. Hayo ndiyo maneno yetu ya mwisho.

Ulifika Beni na mzigo wako, moyo ukasimama. Papa Kasereka, dereva mwenzako wa barabara tangu ujana, alinipigia asubuhi. Alasiri walikuwa wameshakuzika, kama dini inavyotaka, na mimi nilikuwa bado Butembo nimeshika begi, kwa sababu risasi zilisikika njiani na barabara ilifungwa. Sikuona uso wako. Sikuona udongo ukirudishwa. Nilipewa habari tu, na mimi habari za kuambiwa siziamini, umenilea hivyo mwenyewe.

Basi kitabu kikakaa kabatini. Ulisema nikungojee, nikawa nakungojea. Ninafungua duka, nalifunga kabla ya saa sita, nazunguka soko bila kununua kitu, narudi nalifungua tena. Mume wangu ameacha kuniuliza.

Unakumbuka kile cha kwanza? Kusema kweli kilikuwa cha pili. Ulikikuta ndani ya balo la mitumba, katikati ya makoti, ukaniletea kwa sababu kilikuwa na picha ya ndege na mimi nilikuwa nimelala na malaria. Kifaransa changu wakati huo kilikuwa cha kuokoteza. Lakini nilimwelewa Irmene, yule msichana anayesikia mawe yakisema. Nilielewa pia ile barabara inayohama kila ukungu ukishuka, na Mzee Tavel na mkokoteni wake wa ng'ombe, anayevusha chumvi huko ambako wengine wote wamekataa kwenda. Nilipopata nafuu niliwekwa kulinda sufuria, na maharage yakaungua. Mama akanipiga kofi la mgongoni, nami nikageuza ukurasa.

Wewe ulikuwa umejilaza mkekani, miguu juu ya gunia. Ukasema: "Soma, mais soma kwa Swahili." Nikasoma hivyo, Kifaransa kikiingia machoni, Kiswahili kikitoka mdomoni. Tulipofika kwa Tavel ukainuka ukakaa. "Huyu muzee ni chauffeur," ukasema, yaani dereva kama wewe. Mkokoteni wake ukauita gari, na kuanzia siku hiyo hakuna aliyethubutu kuuita vinginevyo nyumbani kwetu. Tukawa wagonjwa wawili wa ugonjwa mmoja.

Kusoma Kifaransa hukujua, lakini ndege ulimjua. Kasindi, Bunia, Goma, kila soko ulilopita ulimtafuta yeye. Ndiyo maana cha kwanza nilikipata baada ya cha tatu, na mpaka leo nikisimulia naanzia katikati. Halafu siku ile ulirudi umejaa furaha, ukanikabidhi kitabu kilichofungwa kwenye gazeti, na juu yake jogoo. Ufugaji wa kuku na magonjwa yao. Nilitaka kulia. "Kuku naye ni ndege," ukasema, ukajilaza, na mimi nikakusomea habari za kuhara kwa vifaranga mpaka ukasinzia.

Sikupona, Papa. Nimeolewa, nimezaa, nauza vitenge, na juu ya mlango wa duka nimechoresha ndege wa mabawa matatu. Wateja wanasema mchoraji alikosea. Nawaeleza kila mmoja, atake asitake.

Katika kitabu cha tano Tavel aliingia kwenye ukungu pale kivukoni na hakutoka. Nililia, mtu mzima na mtoto mgongoni. Ukanikasirikia. Ukasema: "Kama batu bado kuona gari yake, hapana sema chauffeur alikufa." Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yenu madereva. Mwenzenu akichelewa na wanawake wakaanza kulia, mlikwenda kwanza kutafuta gari, na isipoonekana mliendelea kumngojea. Miaka yote tuliyongoja cha sita, kila nikimtaja Tavel ulinirudishia maneno hayohayo.

Sasa arobaini. Baada ya hitima na wali, madereva waliniita kwenye kibanda cha uani kwa Papa Kasereka. Kitabu nilikuwa nacho kwenye begi, sijui nilikibebea nini. Papa Kasereka akauliza ndege yuko wapi. Hapo ndipo nilipogundua ulichokuwa ukiwasimulia kwenye kila kizuizi na kila tope lililowalaza njiani. Wanajua vitabu vyote vitano, Papa! Ila Tavel wao ana mke kule Alimbongo, anamtukana ng'ombe wake kwa Kinande, na majitu ya kizuizini anayaachia mkungu wa ndizi ili apite. Nikawaambia hayo hayamo kitabuni. Wakacheka, wakaniambia mimi nilisoma haraka.

Walitaka mwisho. Nikasema ulinikataza kukifungua. Papa Kasereka akanitazama, macho mekundu.

"Alikukataza kufungua peke yako," akasema. "Sasa uko peke yako hapa?"

Nikafungua. Nilisoma kwa Kiswahili kama ulivyotaka, nikiruka vita na harusi kwa sababu wao walimtaka Tavel tu. Tukamkuta karibu na mwisho, kwenye mistari miwili. Wasafiri wanamwambia Irmene kwamba mzee amefia ng'ambo ya mto, watu wa huko wamemzika. Basi. Mistari miwili kwa mtu tuliyemngojea hivyo! Nilitamani kuiruka. Wewe ungeiruka, najua. Mimi niliisoma yote miwili.

Halafu Papa Kasereka akauliza, taratibu, kama anayeuliza habari za ndugu yake:

"Gari yake je? Baliiona?"

Nikatafuta. Ukurasa ule, unaofuata, mpaka jalada la nyuma. Nikamwambia gari haikutajwa popote.

"Basi," akasema, akamimina chai.

Wakaanza kupumua. Mmoja akasema mzee yuko Alimbongo kwa mke wake, anakula. Mwingine akasema ng'ombe ndiye aliyezikwa, wasafiri wamechanganya. Wakabishana, wakacheka, nami nikacheka. Nilikuwa sijacheka tangu ile simu ya asubuhi.

Kisha nikaacha kucheka. Siku nzima nilikuwa nimekaa nikiipa mgongo pembe moja ya ua ule. Kulikuwa na kitu pale chini ya turubai, na Papa Kasereka ndiye aliyekiendesha mpaka hapo baada ya kukuzika. Kila aliponiambia nikakione, nilipata kazi nyingine ya kufanya. Niliwaacha wakibishana, nikaenda, nikavuta turubai.

Matope ya Kamango yamekauka kwenye magurudumu ya gari yako. Kofia yako iko juu ya usukani. Kioo bado kimeinamishwa kwa ajili ya ufupi wako, nilipokaa kwenye kiti chako niliona kidevu changu tu. Nikalia humo ndani milango imefungwa, na hakuna aliyekuja kunitoa.

Amina wangu ameanza Kifaransa shuleni. Nitamsomea, Papa, nakuahidi. Nitaanza na kile cha pili, kama nilivyoanza mimi, kwa Kiswahili, na tukifika kivukoni nitamwambia habari za mke wa Alimbongo. Kile cha kuku nacho nitamsomea.

Lala, Papa, weka miguu juu ya gunia. Gari ya Tavel mimi na wenzako tutaendelea kuingojea.

Yako nimeiona.

Mtoto wako,
Kahindo