Kiti cha Kushoto

Jumamosi, 1 Machi
Nimekamua, nimepeleka maziwa, nimerudi. Chebet alikuwa ananingoja kando ya gari na kofia ngumu mbili. Mazoezi tena, mashindano ya magari ni tarehe 15. Binti yangu anaendesha, mimi nakaa kushoto na kitabu cha njia magotini. Mwelekezi, ndivyo wanavyoniita. Mtu aliyeendesha lori la majani chai maisha yake yote sasa anaambiwa asiguse usukani. Inaniuma, lakini nimekubali. Tangu tumzike mama yake mwaka jana, sisi wawili hatuna mazungumzo ila ya ng'ombe. Ndani ya gari lazima niseme, naye lazima asikilize.

Jumatano, 5 Machi
Kila njia panda imechorwa kitabuni kwenye kisanduku chake. Kitone ni pale ulipo, mshale ni unakokwenda, pembeni umbali. Hilo nimelielewa. Kichefuchefu ndicho kigumu. Kusoma huku gari linarukaruka kwenye barabara ya Ndanai, nusura nitapike. Chebet amenifundisha kuweka kidole kwenye kisanduku tulichofika, kisha niinue macho. Na kona nimtajie kabla hatujaifikia. Nikiitaja tukiwa ndani yake, haina faida.

Jumatatu, 10 Machi
Tumegombana kwa sababu ya saa. Hapa hakuna kushindana kwa kasi. Wanakupa mwendo wa kushika, na ukifika kituo cha ukaguzi mapema unaadhibiwa sawa na aliyechelewa. Siwezi kuzoea. Majani yakikaa kwenye lori yanaharibika, kwa hiyo kwetu kuwahi ndiyo ilikuwa sifa. Leo kila mara nilikuwa namhimiza akanyage mafuta, na kila mara tulifika mapema.
Baadaye, kwa upole ulioniuma zaidi ya hasira, akaniambia kuna rafiki yake wa chuo pale Kabianga anayekitaka kiti changu. Jumamosi ikiharibika, atampa. Nikikipoteza kiti hicho, tunarudi kwa ng'ombe.

Ijumaa, 14 Machi
Mvua. Nimechonga penseli. Naogopa.

Jumamosi, 15 Machi
Nimeharibu.
Tuliondoka Sotik vizuri. Vituo vya mwanzo tulifika kwa saa yake, hata Chebet akatabasamu. Kisha kikaja kisanduku cha hospitali. Moja kwa moja, mshale hauna kona. Nilikiona. Kidole kilikuwa juu yake. Mdomo ukasema kushoto, na Chebet akakata kushoto bila kuuliza.
Ni njia ya malori, inapita katikati ya mashamba ya chai na kutokea ng'ambo ya soko. Kila dereva wa majani anaijua. Mwaka mzima mimi hupita huko ili nisilione lile lango la hospitali tulipoutolea mwili wa mama yake. Sasa mbele ya lango hilo ndipo walipoweka kituo. Kwenye kituo kilichofuata mkaguzi aliigeuza kadi yetu inayogongwa muhuri kila kituo, akauliza muhuri wa hospitali uko wapi. Tumemaliza wa mwisho.

Jumapili, 16 Machi
Baada ya ibada nilimwita kwenye gari, nikamweleza ukweli. Kwamba sikupotea. Kwamba sikuweza kupita pale. Nikamwambia ampe rafiki yake kiti.
Aliweka mikono kwenye usukani.
"Baba, nilijua hiyo kona si yenyewe," akasema. "Nilikata tu. Hata mimi siwezagi kupita hapo."
Nililia mbele ya mtoto wangu. Waumini walikuwa wanapita, wakatuacha.

Jumamosi, 22 Machi
Tulitoka wawili na kitabu kilekile. Hakuna mashindano leo. Kwenye kile kisanduku nikasoma moja kwa moja, hospitali upande wa kulia. Nilisoma mapema inavyotakiwa. Chebet akapunguza mwendo, akasimama mbele ya lango, akazima injini.
Akanihadithia kuhusu siku ile ya mwisho. Nilipokuwa nimetoka kutafuta dawa, mama yake alimuuliza kama nimekula. Akamwagiza anichukulie chai. Sikuwa nikilijua hilo. Chebet alikuwa hajapata pa kulisemea.
Kisha akawasha gari, nami nikamtajia kona inayofuata.