Faili Nene Kwanza

Jumatatu, 19 Aprili 1971
Kufungua barua, kupiga muhuri, kuwaambia watu warudi Alhamisi. Saa nne Bwana Wekesa, meneja wa ushirika wetu wa maziwa, kaniletea rula. Kabati imejaa. Nipime unene wa kila faili, niandike orodha: nene juu, nyembamba chini. Kumi za kwanza ziende stoo yetu iliyoko Bahati. "Zote, Barasa. Hakuna kupendelea." Panya wa Bahati wameshiba. Faili ikienda kule hairudi.

Jumanne, 20 Aprili
Nimepima mpaka macho yakauma. Nimegundua kitu. Hapa faili hainenepi kwa umuhimu, inanenepa kwa kutojibiwa. Ya kumi ni ya Mama Chebet wa Njoro. Miaka sita anaomba lori la maziwa lipite kwake. Inchi tatu na nusu. Ikienda Bahati ataambiwa aanze upya. Nimekasirika.

Jumatano, 21 Aprili
Nimetoa pini zenye kutu kwenye faili ya Mama Chebet, ipungue. Nimeikalia kutwa. Imepungua kama unywele. Bado ya kumi.

Alhamisi, 22 Aprili
Mama Chebet kaja, gambuti zimejaa matope.
"Faili yangu iko?"
"Iko, mama."
"Naona umeikalia."
"Naipasha moto."
Kacheka sana. Mimi kidogo. Orodha inatakiwa kesho.

Ijumaa, 23 Aprili
Bwana Wekesa alisema zote. Basi kuna moja sijapima, iko kwenye droo yake mwenyewe: barua zake kwa kamati, anaomba kiti cha kuzunguka. Nimeomba ufunguo kwa adabu. Kanipa bila kuangalia, alikuwa kwenye simu. Inchi nne. Imeingia ya tatu, Mama Chebet kashuka mpaka kumi na moja.
Mchana Bwana Wekesa kaisoma orodha mbele ya mwenyekiti wa kamati. Kidole kikasimama. "Hii nayo?"
"Ulisema zote, mzee."
Mwenyekiti kasema rula ni rula. Meneja katia sahihi. Nilijua nafutwa kazi.

Jumamosi, 24 Aprili
Kumi zimeenda Bahati. Sijafutwa. Kabati inafungika. Kati ya zilizobaki, nene kuliko zote ni ya Mama Chebet. Nimeiweka mezani kwa meneja, peke yake. Kavuta kiti chake cha mbao, kaanza na barua ya kwanza. Manyunyu nje. Karibu saa sita kaniita, sauti ya chini. Anauliza dereva wa lori la Njoro ni nani.
Nimemwambia.