Siku Kumi na Mbili

Kaka yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta salama, wewe, wifi na watoto, na kwamba mgongo umeacha kukusumbua. Mimi ni mzima wa mwili. Nisamehe kwa kimya changu. Tangu tumzike shangazi sijashika kalamu.

Ndui imeingia kazini kwetu. Aliyeanza kuugua ni mpiga pasi, yule mcheshi aliyekuwa akiimba kuliko alivyonyoosha nguo. Alilalamika homa na kiuno, tukamtania kwamba uzee umebisha hodi. Siku ya nne vipele vikamjaa usoni, na utani ukatuishia mdomoni. Wiki mbili hazijatimia, binti anayeshona vifungo, ambaye alikuwa akimpelekea uji, naye akaanguka.

Hapo macho yakaanza kutembea. Kila fundi alikuja na kikombe chake amekifunga kwenye leso. Ukikohoa, cherehani zote zinanyamaza. Mwishowe macho yakatua kwa mama mmoja mdarizi, mgeni kwetu, mwenye uso uliojaa makovu ya ndui ya zamani. Tulimwita Madoa. Ikasemwa kwamba ugonjwa umejificha ndani ya makovu yale. Ikasemwa tena kwamba mpiga pasi aliwahi kumuunguzia kitambaa, naye akamwekea kinyongo. Kiti chake kikasogezwa mlangoni, kisha msimamizi akamwambia akae nyumbani mpaka aitwe. Alikusanya nyuzi zake, akatutazama mmoja mmoja. Mimi nilitazama sindano.

Kesho yake bwana afya akaja kutuchanja. Aliposikia habari za Madoa alitupa mikono juu. “Mmemfukuza mtu ambaye ndui haimwezi tena!” alisema. “Aliyepona haugui mara ya pili, na makovu hayaambukizi mtu.” Akatueleza kwamba ndui haitumwi kwa jicho wala kinyongo. Inatoka kwa mgonjwa kwenda kwa mzima, kwa pumzi ya karibu, kwa usaha wa vipele, hata kwa nguo na matandiko aliyoyalalia. Ikishaingia mwilini hukaa kimya, mara nyingi siku kama kumi na mbili, ndipo homa ianze. Kisha akauliza: siku kumi na mbili kabla ya mpiga pasi kuugua, ni kitu gani kiliingia humu?

Wenzangu wakakuna vichwa. Mimi niligeuka kutazama meza ya pasi.

Kaka, uliniambia nichome matandiko yote ya shangazi, na tukakubaliana kuwaambia majirani kwamba ilikuwa homa tu, si ndui. Nilichoma mashuka na mto. Lile blanketi la sufu sikulichoma. Lilikuwa zito, zuri, bado lina harufu yake. Nililianika juani siku moja, nikalipeleka kazini litandikwe kwenye meza ya pasi. Mpiga pasi alilipenda mno; wakati wa mapumziko alilikunja, akaliwekea kichwa. Mimi na wewe tulichanjwa utotoni, ndiyo maana halikunidhuru. Na aliyeuliza wa kwanza, kwa mzaha, kwamba Madoa uso ule aliutoa wapi, ni mimi.

Nilinyamaza siku tatu. Siku ya tatu mpiga pasi akafariki.

Ndipo nikaenda kwa bwana afya nikasema yote, na blanketi likachomwa mbele yangu. Kisha nikaenda kwa Madoa, nikaungama nikiwa nimesimama mlangoni. Hakunitukana. Aliuliza tu kama yule binti ana mtu wa kumwosha. Nikasema hana, wote wanaogopa. Akavaa viatu, akanipita. Tangu siku hiyo yeye ndiye anayemuuguza, na binti ameanza kula, ingawa jicho moja halioni. Salamu yangu Madoa hajaiitikia hadi leo.

Nawe kaka, usinikasirikie nikikuuliza. Ile shali ya shangazi haikuwa kwenye matandiko niliyoyachoma, na wewe ndiwe uliyefunga sanduku lake. Kama iko kwako, ichome leo, wapeleke watoto wakachanjwe, kisha niandikie ukweli. Usinijibu kwamba hukumbuki. Mimi pia nilijiambia hivyo.

Nikishafunga bahasha hii naenda kwa mjane wa mpiga pasi. Bado anamlaani Madoa.

Msalimie sana wifi, na watoto uwabusu, ila kwanza uwapapase paji la uso.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi wa cherehani ya dirishani