Sindano ya Ng'ombe kwa Mama Aliyejifungua

Mama Ludovika wa gazeti, shikamoo. Naomba msaada na naomba usinicheke, mimi ni mkulima wa Masakta, mke wangu Yusta amejifungua mtoto wetu wa kwanza, ana wiki mbili, ila maziwa hayatoki na kliniki wameandika uzito wa mtoto umeshuka, mama yangu amekuja kumhudumia na anamwambia kila siku hajawahi kuona matiti ya bure namna hii, mtoto analala kwa bibi ili Yusta apumzike, akilia sana ndiyo analetwa, na mimi nasimama mlangoni nione kama yanatoka, nikimuuliza kwa ukali anajifunika khanga analia, sasa nina ng'ombe ambaye akikamuliwa na mgeni anabana maziwa, bwana mifugo alimchoma oksitosini yakashuka papo hapo, chupa imebaki nusu, na kwenye simu nimesoma hiyo ndiyo homoni ya upendo na hata binadamu anayo, nikaona maziwa yatashuka na Yusta ataanza tena kuongea na mimi, naomba kipimo cha mtu wa kilo hamsini na tano.
Urban

Marahaba, Urban. Kipimo hicho hakipo. Chupa irudishe kwa bwana mifugo kabla hujaua mtu.

Ni kweli Yusta anayo oksitosini, na ni ya kwake mwenyewe. Mtoto akinyonya na mama akiwa ametulia, inatoka na kuyasukuma maziwa. Akiwa na hofu au aibu, inagoma. Wewe ni mfugaji, nilitegemea hili unifundishe wewe. Huyo ng'ombe ukimfokea anakupa maziwa? Si unamletea ndama kwanza, unampapasa, unampigia mluzi? Kwa Yusta ndama umempeleka chumba cha bibi, na mkamuaji kasimama mlangoni amekunja uso. Hata mimi ningebana.

Kama tangu kliniki hamjarudi, wapeleke leo kituo cha afya. Mtoto anayepungua hasubiri gazeti. Muuguzi aangalie anavyoshika titi. Mkirudi, mtoto akae kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, anyonye kila anapotaka. Mama yako mshukuru, apike uji, na maneno ya matiti ya bure yakome. Wa kumwambia ni wewe, si Yusta.

Uzito wa mkeo unaujua hadi kilo. Anavyojisikia hujaandika popote. Nenda kamuulize, na safari hii ukae chini.