Mwenye Tarumbeta Pichani

Jumatatu, 14 Julai 2025
Ebenezer wa kamati ya ukumbi kaja masijala, kazini kwangu, na barua. Ukumbi wa zamani wa klabu ya Tambarare Jazz umekarabatiwa, unafunguliwa wiki ijayo. Ukutani litawekwa bango la historia. Mwandishi ni mimi. Kwa nini mimi? Eti baba yangu si ndiye mpiga tarumbeta? Nikakosa pa kukimbilia. Picha ya 1961 iko sebuleni kwetu tangu nizaliwe: wanaume saba, mashati meupe, Baba wa tatu na tarumbeta lake. Hao wengine wote wameshatangulia. Kazi ya siku moja, nikajisemea.

Jumatano, 16 Julai
Upepo na baridi. Nimemuuliza Baba habari za klabu. Anakumbuka yote — sakafu iliyosuguliwa kwa mshumaa ili viatu viteleze, watu wa reli na wake zao, kadi ya uanachama, asiye na viatu haingii. Nikauliza tarumbeta alijifunzia wapi. Akasema chai imepoa. Nikapasha. Nikauliza tena — kalala. Au kajifanya kalala.

Jumamosi, 19 Julai
Chang'ombe, kwa Bi Sikudhani, aliyekuwa akikagua kadi mlangoni pa klabu. Miaka themanini na nane, macho yamechoka ila ulimi bado. Nikampa picha, nikamwonyesha Baba, akaisogeza puani, akacheka mpaka akakohoa.

"Stanley huyu? Huyu dobi wetu, mwanangu. Mashati yote hayo kafua yeye, kapiga pasi yeye."

Tarumbeta lilikuwa la Nathanaeli, mtu wa reli. Wiki ile kapangiwa zamu stesheni ya Gulwe, na mpiga picha keshafika. Baba akavalishwa shati la Nathanaeli, akashikishwa tarumbeta. Ikawa basi. Nathanaeli akafa mwaka uliofuata, kwa homa, hana mke wala mtoto. Hakuacha hata picha moja. Bi Sikudhani anasema alipokuwa akipiga, watu waliacha kucheza wakasimama kumsikiliza, mpaka kiongozi wa bendi akakasirika.

Nimerudi nina hasira, sijui na nani. Maana nikikumbuka vizuri, Baba hajawahi kutamka kwamba alipiga. Ni Mama, Mungu amrehemu, aliyekuwa akiwaambia wageni. Halafu sisi watoto tukadakia. Baba alikuwa akinyamaza tu.

Jumapili, 20 Julai
Kanisani sikwenda. Nimeandika, nimefuta. Mdogo wangu Hilda kapiga simu kutoka Mtera, nikamweleza. Akaja juu: dada, wewe vipi, mzee ana miaka themanini na sita, unataka kumvua nguo mbele ya watu? Huyo Nathanaeli ana nani wa kulalamika?

Kweli, hana. Hapo ndipo panaponiuma.

Nimeandika: Tarumbeta — Stanley Chilewa. Naona aibu. Lakini baba ni baba.

Jumatatu, 21 Julai
Mchapaji anataka maandishi saa tisa. Nimeomba ruhusa kazini nimsomee Baba kwanza. Kakaa uani juani na blanketi lake. Nikasoma habari za ukumbi, akawa anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo. Nikaingia kwenye majina. Lake nikalisoma harakaharaka.

"Rudia hapo."

Nikarudia. Nikadhani kafurahi. Kisha akauliza, taratibu kabisa, Nathanaeli nimemweka wapi.

Nikamwambia hayumo pichani, Baba.

Akasema anajua hayumo, shati lake alilivaa yeye. Halafu: "Mwandike."

"Kwenye tarumbeta?"

Akaitikia kwa kichwa. Nikachukua kalamu, nikakata jina la baba yangu, juu yake nikaandika Nathanaeli. Nikamuuliza, na wewe nikuweke wapi, Baba?

Kaomba ile karatasi. Ameishika mpaka sasa. Nimeanza, udobi si aibu, Baba — akaniinulia kiganja, ninyamaze. Saa nane na dakika arobaini. Ebenezer anapiga simu mara ya tatu, sijapokea. Naandika hapahapa, pembeni yake, namngoja aseme nimweke wapi.