Maranda Kwenye Pindo la Suruali Yako

Mpendwa Baba Skola,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kigoda chako, hapa hapa Mjimwema, maana sasa hakuna wa kunifukuza. Usicheke. Mpaka leo nikifua suruali ya mwanaume, hata ya mkwe wako, nageuza mapindo kwanza nione kilichoingia humo. Skola ananiambia, "Mama, acha upelelezi." Hajui upelelezi huu niliusomea kwako.

Unakumbuka ulivyoanza. Ushirika ulipopunguza watu, wewe karani wa tumbaku ukarudi nyumbani na barua ya shukrani na mikono isiyo na kazi. Mji ulikuwa umechangamka, kila mtu kafungua kibanda, mitumba imejaa sokoni, na nyuma ya karakana ya seremala mmoja wanaume wakafungua kamari ya karata. Uliniaga kuwa unakwenda kutafuta vibarua. Jumapili moja nikarudi kutoka kanisani, nikakuta pale dirishani pana alama nne za miguu ya cherehani yangu, cherehani yenyewe haipo, imeliwa kwenye karata. Nilikutukana mpaka matusi ya Kiswahili yakaniishia, nikahamia ya Kingoni.

Wewe mwenyewe ndiye uliyesema twende Peramiho, kwa yule mtawa mzee, muuguzi mstaafu, aliyewahi kuwasaidia walevi. Nilidhani atakupa vidonge. Akatuambia, "Huu ni ugonjwa kama ulevi. Dawa yake haikai kwenye chupa." Kila jioni, kabla ya chakula, wewe uniambie ukweli wa siku yako, hata ukiwa mbaya. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe mama, usimgombeze wala usimhoji. Mjibu neno moja tu: nimesikia."

Basi ukawa unakaa kwenye kigoda hiki, mimi nachambua likolo, mboga yetu ya majani ya jioni, na unasema.

"Leo nimelima Matogoro mpaka saa nane."

Nimesikia.

"Leo nilitamani sana kwenda kwenye karata. Nikapita njia ya juu."

Nimesikia.

Mdomo ndio uliosema. Kesho yake nilikuwa kwa jirani yetu wa shamba, namuuliza kwa ujanja kama alikuona. Viatu vyako nilivikagua kama vina udongo mwekundu wa Matogoro. Vilikuwa nao kila siku, na hilo likanitia wasiwasi zaidi. Nikasema huyu anaupaka.

Ndipo yakaja maranda. Jumatatu moja naloweka nguo, nageuza pindo la suruali yako ya kaki, yakamwagika maranda ya mbao, meupe, mapya kabisa. Jioni ukaanza mwenyewe kabla sijafumbua mdomo.

"Mama Skola, juzi Jumamosi nilikwenda kwa seremala. Nilisimama mlangoni mpaka mchezo ukaisha, mikono nimeifunga nyuma. Sikucheza."

"Mwenye njaa anakwenda hotelini kuangalia wenzake wakila?"

"Nilitaka kujua kama naweza."

Ukasubiri. Nilijua unasubiri neno gani. Nikainuka kwenda kuangalia maharage, ambayo hayakuwa yanaungua.

Tangu siku hiyo ulikula kimya. Hukuniambia tena lolote, zuri wala baya, na mimi ukimya wako nikaufanya ushahidi. Wakati wa mahindi mabichi homa ikakuchukua kwa siku nne tu.

Kwenye matanga walikuja wale wa karata, wamevua kofia. Nikamfuata seremala nje, penye kuni, nikamuuliza bila hata salamu.

"Alicheza?"

"Hapana, mama. Alikuwa anakuja Jumamosi, anasimama tu, mikono nyuma. Sisi tulimchukia. Mtu aliyeacha akikutazama vile, mchezo haunogi."

Ningefurahi, lakini unanijua. Nikajiambia, nani atamsema vibaya marehemu mbele ya mjane? Nilikwenda mpaka kwenye karakana yenyewe, nikasimama mlangoni, nikatazama chini nione kama maranda yanafika pale. Yanafika. Nikasogea penye meza ya karata. Na pale yanafika.

Seremala naye tumemzika mwaka huu. Nimerudi kutoka huko leo mchana, miguu inauma, nikagundua kwamba hakuna tena wa kumuuliza. Nina hasira nawe bado, kwa cherehani. Na nimekukumbuka. Ila jambo moja limenikaa moyoni njia nzima: yule sista hakuniambia nihakikishe kwanza. Wala hakuniambia nikuamini. Dawa yako ilikuwa mkononi mwangu, nami nikainuka nayo nikaenda jikoni.

Maharage ya jioni yako motoni sasa hivi. Skola atayaangalia. Mimi nimekaa.

Jumamosi ulikwenda kwa seremala. Ulisimama mlangoni mpaka mchezo ukaisha, mikono umeifunga nyuma. Hukucheza.

Nimesikia, Baba Skola.

Mkeo,
Mama Skola