Poti ya Pili

Jumatatu, 4 Machi

Bosi kaniita. Laini za ofisi hazishikiki, wateja wanalalamika. Anataka mtambo wa simu uchape orodha: simu ipi imepiga, namba gani, dakika ngapi. Eti fundi si wewe? Unganisha printa, nimjue huyo domokaya!

Domokaya mwenyewe ni mimi.

Kila siku saa nane, Bosi akitoka kwenda kula, najibanza chumba cha mikutano na kupiga namba moja tu: ya nyumbani kwake. Si kwa ajili ya mkewe — Mungu apishe mbali! Ni mdogo wa mkewe, anayekaa nao. Mwaka jana nilitumwa kutengeneza simu yao. Simu ikapona, nikaumwa mimi. Namwita Kicheko.

Jumanne, 5 Machi

Nimechomeka waya kwenye poti ya pili ya mtambo, tundu la kutolea taarifa. Printa kimya. Nikapishanisha nyaya mbili ndani ya plagi, ya kutuma na ya kupokea. Ikaanza kutapika: @@%#~}}@. Mtambo unatuma kwa mwendo wa biti 9600 kwa sekunde, printa inasoma kwa 1200. Mmoja anabwabwaja, mwenzake anasinzia.

Bosi kaigeuza karatasi juu chini. Hii simu ya nchi gani?

Nikasema kazi ngumu, itachukua muda. Moyoni sherehe! Na leo sikumpigia Kicheko. Haya, nilimpigia: dakika sita tu.

Jumatano, 6 Machi

Bosi kanipa mpaka Ijumaa. Nikishindwa, analeta fundi wa nje na mkataba wangu basi. Fundi yule! Aliyefunga kengele ya mlangoni, ikawa inalia mtu akiwasha taa ya chooni!

Alhamisi, 7 Machi

Nimeshindwa kuvumilia fundi yule aje kugusa mtambo wangu. 9600 huku, 9600 kule. Herufi zikaja, nusu herufi nusu wadudu. Kila herufi mtambo unaituma kwa biti saba na moja ya ukaguzi, printa inataka nane tupu. Nikarekebisha, nikahifadhi. Safi! Mistari imenyooka kama wanajeshi! Nikapiga kelele kwa furaha.

Kisha nikasoma. Mtambo ulikuwa umezihifadhi simu zangu za wiki mbili nzima, zote zimo.

Nageuka — Bosi mlangoni, kanyoosha mkono. Nikampa. Ningefanyaje?

Ijumaa, 8 Machi

Bosi kajifungia na orodha, chai haijaguswa. Dada wa mapokezi kaninong'oneza: Bosi kaona namba ya nyumbani kwake mara kumi, kutoka chumba cha mikutano. Anauliza nani hapa ofisini anaongea na mke wake.

Mke wake!

Shemeji wa watu, mke wa Bosi, kaitwa, kaingia sasa hivi. Namsikia kupitia mlango: mume wangu, saa nane mimi huwa nimelala!

Nimempigia Kicheko. Kasema nenda ukaseme kabla dada yangu hajaachika, kisha akakata. Dakika moja tu. Printa ikachapa mstari mpya.

Niko kwenye benchi, nje ya mlango wa Bosi. Naandika huku nikisubiri kuitwa. Dada wa mapokezi anasema haya kaka, ingia. Mguu mmoja umekubali. Wa pili unajikokota nyuma yake.